Vihisi vya nyumbani kwa wazee: kengele ikilia, nani atabisha hodi?

Familia nyingi za Uganda tayari zina mfumo wa kumwangalia mzee anayeishi peke yake, hata kama haziuiti hivyo. Ni ile simu ya asubuhi. Mtoto aliye Kampala, Juba au Dubai hupiga kabla ya kuingia kazini. Mama akipokea, anaulizwa kama ameamka salama, kama amekunywa dawa ya presha, na siku inaendelea. Asipopokea, roho ya mpigaji inaanza kwenda mbio. Mara nyingi simu imezimika tu kwa kukosa chaji, au imesahaulika chini ya mto. Lakini kuna siku mama yuko sakafuni, na simu iko juu ya meza.

Kati ya kutopokea simu na kujua kwa nini kuna pengo, na pengo hilo ndilo wauzaji wa vihisi vya nyumbani wanasema wataliziba. Matangazo yao yanazidi kuonekana hapa kwetu, mengi yakitoka China na Ulaya: vidude vidogo vyeupe vya kubandika mlangoni, ukutani na chini ya godoro, vyenye kumtumia mtoto meseji mzazi anapokuwa hatarini. Vingi vinafanya kazi kweli. Shida ni kwamba tangazo huishia pale meseji inapofika kwenye simu ya mtoto, na kwa mzee kazi yenyewe inaanzia hapo.

Uganda ni nchi ya vijana. Sensa ya 2024 ilihesabu watu karibu milioni 46, takriban nusu yao wakiwa hawajafika miaka 18. Waliovuka 60 ni kama mmoja kati ya 20, kwa hiyo mambo yao hayapigi kelele kwenye bajeti. Msaada wa serikali kwa wazee, SAGE, ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na kwa nchi nzima unawahusu waliotimiza miaka 80. Makao ya wazee ya namna ya Ulaya ni ya kuhesabu kwa vidole, na watu wengi wasingempeleka mzazi huko hata yangekuwa kila wilaya. Mzee hubaki kwake, penye shamba lake, msikiti au kanisa lake, na makaburi ya waliomtangulia.

Ili maelezo yasielee hewani, tumchukue mjane wa kubuni pale Bombo, mji wa askari na wa Wanubi kwenye barabara ya kwenda Gulu, ambako Kiswahili kina wenyewe. Tumwite Hajjati. Ana miaka 78, yaani hata SAGE bado hajaifikia. Ana sukari, ana presha, anatembea kwa mkongojo. Watoto anao, ila mmoja yuko Kampala, mmoja Arua, mmoja Uingereza. Akili yake ni timamu kabisa na hataki kuhamia kwa mtu.

Vidude vyenyewe

Kihisi hupima jambo moja tu. Mlango umefunguka. Kitu chenye joto kimepita. Kitanda kimelaliwa. Hakijui Hajjati ni nani wala kwamba ana sukari. Maana yote huongezwa baadaye, na programu au na binadamu, na hapo ndipo makosa huingia.

Kifungue cha mlangoni uone kilivyo. Ni vipande viwili vya plastiki, kimoja kwenye fremu na kingine kwenye ubao wa mlango. Cha kwenye ubao ni sumaku, basi. Cha kwenye fremu kina kimrija cha kioo, na ndani ya kimrija kuna bapa mbili nyembamba za chuma zilizokaribiana bila kugusana. Sumaku ikiwa jirani, bapa hushikana. Mlango ukifunguliwa, huachana, na redio ndogo iliyo pembeni hutuma neno moja kwamba mlango uko wazi. Swichi ya namna hii ilibuniwa Marekani mwaka 1936 katika maabara za Bell, na mpaka leo ni vigumu kupata kitu rahisi zaidi. Kwa sababu kifaa hukaa kimya muda wote isipokuwa mlango unapotikisika, betri moja bapa kama ya saa inaweza kumaliza mwaka na zaidi. Kama ningeruhusiwa kumwekea Hajjati kihisi kimoja tu, ningechagua hiki.

Cha mwendo ndicho kile chenye kikuba cheupe, ambacho wengi wamekiona kwenye taa za geti. Mwili wa binadamu hutoa mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho. Kikuba hugawa chumba katika vipande, na kifaa hushtuka pale joto linapohama kutoka kipande kimoja kwenda kingine. Kwa hiyo hakioni mtu aliyekaa tuli. Kinaona mtu anayehama. Na kinahitaji tofauti kati ya joto la mtu na joto la ukuta nyuma yake. Nyumba ya mabati isiyo na dari, Arua au Moyo saa nane mchana mwezi wa pili, ukuta na ngozi hukaribiana joto, na kifaa kinaanza kupofuka. Kijitabu cha maelekezo kilichochapishwa kwa ajili ya nyumba za Ujerumani hakitalisema hilo kwa herufi kubwa.

Vya kitandani ni mkeka mwembamba chini ya godoro unaopima uzito, na vile vya ghali hupima hata mapigo ya moyo kwa mtikisiko mdogo wa mwili. Kuna pia rada ndogo za ukutani, nyingi zikitumia masafa ya gigahezi 60, ambazo hutambua hata kifua kinavyopanda na kushuka, na hazizuiwi na pazia wala chandarua. Saa za mkononi zenye kutambua anguko zimezoeleka tangu Apple ilipoiweka huduma hiyo kwenye saa yake ya mwaka 2018. Ni nzuri, ila saa hiyo inadai simu ya bei kubwa na kuchajiwa karibu kila siku, na mzee huivua anapooga. Sakafu iliyolowa ndipo mahali pa kuanguka.

Vifaa hivi kwa kawaida haviongei na simu yako moja kwa moja. Huongea na kisanduku kimoja cha kati kilichochomekwa ukutani, nacho ndicho kinachotoka nje ya nyumba, ama kwa intaneti, ama kwa laini ya simu iliyowekwa ndani yake. Kumbukeni hicho kisanduku, tutakirudia.

Wajapani walionyesha mapema kwamba mtu hahitaji mitambo mingi. Mwaka 2001 kampuni ya Zojirushi ilianza kuuza birika la umeme lenye mawasiliano ndani yake: mzee akijimiminia maji ya chai, taarifa hutumwa, na mtoto wake hupata ujumbe mara mbili kwa siku kwamba birika limetumika. Mama amekunywa chai, mama yupo. Hakuna kamera, hakuna saa ya kuvaa, hakuna tabia mpya ya kujifunza. Waliteua kitu ambacho mzee wa Japani hukigusa kila siku bila kukosa.

Nyumba ya Hajjati si ya Tokyo

Hapa ndipo mifumo mingi ya kununua dukani inapogonga mwamba kwetu. Imebuniwa kwa mtu mmoja anayeishi ndani ya kuta nne pamoja na jiko lake, bafu lake na friji lake. Hajjati hapiki ndani. Jiko lake ni kibanda nyuma ya nyumba, anapikia sigiri. Choo kiko mwisho wa ua. Mchana mzima yuko nje kwenye mkeka chini ya mwembe, anachambua mchele, anaamkiana na wapita njia. Kihisi cha mwendo sebuleni kitaripoti kwamba kuanzia saa tatu hadi saa kumi nyumba ilikuwa kimya kabisa, na programu itamtumia mwanawe aliye Uingereza alama nyekundu. Wakati huohuo mama anacheka na jirani.

Halafu kuna wajukuu. Ni nadra nyumba ya mzee wa Uganda kuwa na mtu mmoja kweli. Likizo ya shule ikifika, watoto watatu wanamiminika. Kihisi cha mwendo hakitofautishi mtoto wa miaka saba na bibi wa miaka 78, wala hakimtofautishi bibi na mbuzi aliyejipenyeza. Vipo vinavyodai kupuuza wanyama, lakini hupuuza kile kilicho kidogo na cha chini. Mjusi akitembea juu ya kikuba chenyewe, kwa kifaa hicho ni jitu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuketi na mzee na kumuuliza siku yake inavyokwenda, kabla hata ya kutazama bei. Birika lake ni lipi? Kwa Hajjati ni mlango wa nyuma. Anaufungua kabla ya alfajiri ili akatawadhe, na kuanzia hapo siku nzima huupitia. Ukifika saa moja asubuhi haujafunguka, kuna jambo. Kihisi kimoja, swali moja, jibu la ndiyo au hapana. La pili ni mlango wa choo. Huo ukifunguka saa saba usiku na mlango wa nyuma usifungwe tena ndani ya nusu saa, Hajjati huenda ameanguka njiani. Na ukihesabu kwa wiki kadhaa, mlango wa choo husema mengine: mtu aliyekuwa akitoka mara moja usiku akianza kutoka mara nne, huenda sukari imepanda, huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, huenda ni dawa mpya ya presha. Kihisi hakitambui ugonjwa. Kinampa mtoto sababu ya kumpeleka mama kupimwa wiki hii badala ya mwezi ujao.

Njia yenyewe ya kwenda chooni ina dawa ambayo haihitaji programu yoyote. Ni taa ya sola yenye kihisi cha mwendo, inayowaka mtu akipita na kuzima baadaye. Haimtumii mtu meseji wala haina akaunti ya kufungua. Inachofanya ni kumwonyesha Hajjati jiwe kabla hajalikanyaga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wanaoathirika zaidi ni waliovuka miaka 60. Kifaa kinachozuia anguko kina thamani kuliko kinachotangaza anguko, na ajabu yake ni kwamba huwa cha bei nafuu zaidi. Fimbo ya kushikilia ukutani chooni nayo ni hivyohivyo, ingawa hakuna atakayeipigia tangazo.

Kwa wale wa Kabale na milima ya kusini-magharibi, ambako watu huingiza sigiri ya makaa chumbani usiku kwa ajili ya baridi, neno moja: moshi na hewa ya sumu ya makaa ni vitu viwili. Makaa yaliyoshika vizuri hayatoi moshi, lakini hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Kengele ya moshi haitaisikia. Inatakiwa kengele yake maalumu, na hata ikiwepo, sigiri itoke nje kabla ya kulala.

Kimya kinasema nini

Mifumo ya namna hii hutegemea kusoma kimya. Mlango haujafunguka, hakuna aliyepita, kitanda kiko tupu. Lakini kimya kina sababu nyingi, na mzee aliyeanguka ni mojawapo tu.

Betri imekwisha. Umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla, umekwisha na hakuna aliyetuma uniti. Umeme wenyewe umekatika mtaa mzima. Bando limeisha kwenye laini iliyo ndani ya kisanduku. Mjukuu amechomoa kisanduku ili achaji simu, na hili la mwisho msilidharau. Kwa mtu aliye Uingereza anayetazama skrini, haya yote na mama aliyelala sakafuni vinafanana. Mfumo unaofaa ni ule ambao kisanduku hujitangaza chenyewe kila baada ya muda, tuseme kila saa, kwamba kiko hai na kinavisikia vihisi vyake. Kikiacha kujitangaza, ujumbe unaotoka uwe tofauti: kifaa kimepotea, badala ya mama kimya. Ukienda dukani, muulize muuzaji hilo moja: umeme ukikatika, nitajuaje kwamba ni umeme? Akianza kukueleza kuhusu rangi za programu, toka.

Kisanduku pia kiwe na betri ya ndani ya kukishikilia saa kadhaa, au kiunganishwe na sola ya nyumbani. Na kuhusu intaneti, Uganda ina somo lake. Januari 2021, kuelekea uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa karibu siku tano. Mfumo wowote unaopeleka taarifa za Bombo hadi kompyuta ya ng'ambo na kuzirudisha ungekuwa bubu siku hizo zote, ilhali kupiga simu ya kawaida kuliwezekana. Hata bila uchaguzi, ujumbe wa kumwita jirani aliye hatua 50 hauna sababu ya kupitia Ulaya. Ndiyo maana napendelea visanduku vya laini ya simu, vile vya zamani vya ulinzi wa maduka, vinavyopiga simu au kutuma meseji ya kawaida. Havina urembo, lakini vinafika hata kwenye simu ya tochi, na jirani wa Hajjati anayo simu ya tochi.

Kisha kuna programu zinazojisifu kwamba hujifunza mazoea ya mzee: hutazama wiki mbili tatu, huchora ratiba yake, na siku ikitoka nje ya ratiba hupiga kengele. Wazo ni zuri. Sasa mwezi wa Ramadhani uandame. Hajjati anaamka saa tisa usiku kula daku, mchana jiko halishughulikiwi, usiku amekwenda tarawehe. Kwa programu hiyo, mama amechanganyikiwa usiku na amekoma kula mchana, dalili mbili ambazo vitabu vyake vinaziita hatari. Au kuna msiba Luweero na mama amekwenda matangani wiki nzima. Mfumo usio na njia rahisi ya kuuambia kwamba nimesafiri, au huu ni mwezi wa kufunga, utazimwa na mwenye nyumba kabla mwaka haujaisha, na atakuwa na haki.

Hesabu ya kengele za uongo

Hili halisemwi dukani, na ndilo linaloua mifumo mingi. Karibu mtu mmoja kati ya watatu wenye miaka 65 na zaidi huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Tuseme Hajjati ataanguka mara moja mwaka huu. Tuseme pia kihisi chake cha anguko hakikosi anguko hata moja, sifa ambayo ni kubwa mno, na kinapiga kengele ya bure mara moja tu kwa wiki. Mwisho wa mwaka jirani ameitwa mara 53. Mara 52 amemkuta Hajjati anakunywa chai.

Mara ya kwanza anakuja mbio. Mara ya tano anamaliza kwanza kumwosha mtoto. Mara ya ishirini anapiga kelele kutoka dirishani, "Hajjati, uko salama?" akisikia sauti yoyote anarudi kulala. Huwezi kumlaumu. Kwa hiyo kifaa kinachokamata maanguko tisa kati ya kumi na kukosea mara mbili kwa mwaka ni bora kuliko kinachokamata yote na kukosea kila Jumatatu. Na ndiyo sababu nyingine ya kuupenda ule mlango wa nyuma: swali lake ni la polepole, linasubiri hadi saa moja asubuhi, na kabla ya kumsumbua mtu yeyote, kisanduku kinaweza kumpigia Hajjati mwenyewe. Akipokea na kubonyeza namba, yamekwisha.

Kitufe cha shingoni, kile cha kubonyeza ukiomba msaada, hakina kengele nyingi za uongo. Kina ugonjwa mwingine. Utafiti wa Cambridge, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia watu waliovuka miaka 90, na ukakuta kwamba wengi waliolala sakafuni muda mrefu walikuwa na njia ya kuita msaada lakini hawakuitumia. Wengine hawakutaka kusumbua watu. Wengine walikuwa hawajakivaa. Nani asiyemjua mzee wa namna hiyo?

Ushahidi unapopingana

Ukitafuta kama vihisi vinasaidia kweli, utapata majibu mawili yanayogongana. Huko Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, kuna makazi ya wazee yaitwayo TigerPlace yanayoshirikiana na chuo kikuu cha jimbo hilo. Wakazi waliowekewa vihisi waliendelea kuishi pale wastani wa siku 1,557. Wasiokuwa navyo, siku 936. Tofauti hiyo inakaribia miaka miwili. Uingereza nako walifanya jaribio kubwa lililoanza 2008 katika maeneo ya Cornwall, Kent na Newham. Sehemu ya vihisi vya nyumbani ilihusisha watu 2,600, waliofuatiliwa mwaka mmoja, na hakukuonekana upungufu wa maana katika matumizi ya hospitali na huduma nyingine. Jaribio jingine la hukohuko, kwa watu 495 wenye ugonjwa wa kusahau, halikuonyesha kwamba vifaa vingi vilichelewesha siku ya kuhamia kwenye makao ya wazee.

Mtu anaweza kusema Wamarekani hawakugawa watu kwa kura kama Waingereza, na ni kweli. Jibu lao ni dhaifu zaidi kisayansi. Lakini tazama pia nani alikuwa upande wa pili wa waya. TigerPlace ilikuwa na wauguzi walewale, wanaowajua wazee kwa majina, ofisi ikiwa jengo hilohilo. Kihisi kikionyesha kwamba bwana fulani anatoka chooni mara nyingi usiku, muuguzi alikwenda chumbani kwake asubuhi ile na kuomba mkojo wa kupima. Mimi nasoma tofauti ya majibu hayo hivyo: kifaa kilisaidia pale ambapo tayari palikuwa na mtu wa kunyanyuka. Wataalamu wengine watasema ni mapema kuhukumu.

Kwa Bombo hakuna muuguzi ghorofa ya chini. Kuna jirani, kuna VHT, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, kuna mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kuna kijana wa bodaboda wa kwenye kona. Ukweli ni kwamba kwa kasi ya kufika, hawa wanaweza kuushinda mji wa Ulaya. Ila lazima wapangwe. Nani ana ufunguo wa pili? Akikuta mlango umefungwa kwa komeo la ndani, avunje au asivunje, na nani amemruhusu? Akimkuta Hajjati chini analalamika nyonga, asimnyanyue kwa nguvu kumweka kwenye bodaboda. Amfunike, amwite mwenye gari. Ni kituo kipi cha afya kina mtu usiku? Haya yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, kwa herufi kubwa, pamoja na orodha ya dawa zake. Karatasi hiyo ni sehemu ya mfumo sawasawa na sumaku ya mlangoni.

Simu ya binti kwa jirani inakuwa hivi: "Mama Zaina, samahani kukusumbua alfajiri, mlango wa mama haujafunguka na simu hapokei. Hebu mchungulie." Na jibu: "Haya mwanangu, ngoja nivae sapatu." Mfumo mzima, na fedha zote zilizotumika, vimejengwa ili mazungumzo hayo yafanyike saa moja asubuhi badala ya saa kumi jioni.

Mama amekubali?

Watoto wa ng'ambo hupenda kamera. Wanaiona nyumba, wanaona uso, wanatulia. Hajjati anaona kitu kingine: jicho sebuleni wakati amevua mtandio. Mtu aliyezaa na kulea hawezi kuwekewa mlinzi na watoto wake bila kuulizwa, na ukimficha, siku akigundua atakifunika kitambaa au atakichomoa. Hapa kihisi cha mlango kina adabu kuliko kamera, maana kinasema kidogo sana. Lakini kidogo hicho nacho ni siri. Orodha ya saa ambazo mlango hufunguka ni ratiba kamili kwa mwizi anayetaka kujua nyumba huwa tupu lini.

Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na ofisi ya kuisimamia iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Kampuni inayokusanya taarifa za mtu inatakiwa kupata ridhaa yake, na taarifa za afya zimewekwa katika kundi lenye ulinzi mkali zaidi. Zikipelekwa nje ya nchi, ama ziwe na ulinzi unaolingana huko ziendako, ama mwenyewe awe ameridhia. Mwenye kuridhia hapa ni Hajjati. Mwanawe aliyelipia kwa kadi yake ya benki hajawa yeye. Muulizeni kwa lugha anayoielewa: kifaa hiki kinajua nini, kinamwambia nani, na ukichoka nacho unakizima vipi. Akikataa mkeka wa kitandani lakini akakubali sumaku ya mlango, wekeni sumaku.

Mpangilio wangu wa kununua, kwa familia yenye pesa kidogo, ni taa ya sola ya njiani kwanza, kisha fimbo ya kushikilia chooni, kisha kihisi cha mlango na kisanduku chenye laini ya simu. Rada na saa za mkononi zingoje. Mkishaweka, fanyeni jaribio: siku moja mama akubali kutofungua mlango, jirani asiambiwe, na mhesabu dakika tangu kengele itoke hadi hodi isikike. Zikipita 30, ongezeni mtu wa pili kabla ya kuongeza kihisi cha pili. Na huyo jirani alipwe, kwa vocha, kwa mobile money kila mwezi, kwa sukari na mchele sikukuu ya Idi, kwa namna yoyote ambayo kwenu ni heshima. Nimeona watu wakilipa ada ya kila mwezi ya programu ya ng'ambo bila kunung'unika, halafu kumtumia Mama Zaina elfu tano kunawashinda.